Chema chajiuza: Upinde wa fidla na somo lake kwa wenye mbao na misonobari Songwe

MBAO katika masoko yetu huuzwa kwa ubao, kwa futi au kwa lori zima. Anayeuza Vwawa, Mlowo au Tunduma hutaja aina ya mti, unene na urefu, kisha watu wanaanza kupatana bei. Ni mara chache mnunuzi kuuliza ubao ulikaushwa kwa muda gani, au nyuzi zake zimenyooka kiasi gani. Matokeo yake, aliyetunza shamba lake vizuri na aliyeliacha lijiotee huondoka sokoni na bei zinazokaribiana.

Hata hivyo, iko bidhaa moja ya mti ambayo bei yake haitokani na ukubwa wala uzito. Ni upinde wa fidla, ile fimbo nyembamba ambayo mpiga fidla huisugua juu ya nyuzi ili chombo kilie. Urefu wake ni sentimita 75 hivi na uzito wake ni gramu 60, sawa na yai moja kubwa la kuku. Upinde wa mwanafunzi unaotoka kiwandani hupatikana kwa chini ya dola 100. Upinde uliochongwa kwa mkono na fundi anayejulikana Ulaya au Marekani huuzwa kwa dola elfu kadhaa. Vyote viwili ni fimbo yenye singa za farasi.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Jibu lake linamhusu hata mkulima ambaye hajawahi kushika fidla, kwa sababu sehemu kubwa ya ubora wa upinde huamuliwa kabla mti haujafika kwa fundi.

Si chombo kigeni kwetu

Wapo watakaosema fidla ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Zanzibar imepiga fidla katika taarab kwa zaidi ya miaka 100. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na mpaka leo fidla ni miongoni mwa vyombo vikuu vya taarab asilia. Tangu mwaka 2002 Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichopo Mji Mkongwe, kimekuwa kikifundisha vijana kupiga vyombo vya taarab, fidla ikiwamo.

Bara nako upinde ni wa zamani. Wagogo wa Dodoma hupiga zeze kwa upinde, na marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka sauti ya zeze katika majukwaa mengi ya dunia. Wajaluo wa Kenya wana orutu na Waganda wana endingidi, vyombo vya uzi mmoja ambavyo upinde wake hufungwa nyuzi za katani badala ya singa za farasi. Katika vyombo vyote hivi kanuni ni ile ile: fimbo yenye kunepa, nyuzi zilizovutwa, na utomvu wa mti wa kuzifanya zishike.

Mti wenyewe

Umbo la upinde wa fidla wa kisasa lilikamilishwa mjini Paris, Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 18 na fundi François Xavier Tourte, ambaye kabla ya hapo alijifunza kazi ya saa. Yeye na mafundi wenzake wa wakati huo walichagua mti uitwao pernambuco, unaoota katika misitu ya pwani ya Brazil. Ni mti mwekundu ambao Wareno waliuvuna kuanzia miaka ya 1500 kwa ajili ya rangi ya kutia nguo, na nchi ya Brazil ilipata jina lake kutokana nao.

Kwa nini mti huo? Fundi wa upinde anatafuta mambo matatu ambayo ni nadra kukutana katika mti mmoja. Kwanza, mbao iwe ngumu kupinda lakini irudi mahali pake mara ikiachiwa. Pili, iwe nzito vya kutosha ili fimbo nyembamba isiwe nyepesi mno mkononi. Tatu, isiuzime mtetemo haraka. Watafiti wa mbao wameonyesha kuwa ule ule utomvu mwekundu uliokuwa ukitoa rangi ndio pia unaosaidia mbao ya pernambuco kuendelea kutetemeka.

Si kila pernambuco inafaa. Fundi hukagua nyuzi za mbao kutoka mwanzo hadi mwisho wa kipande. Nyuzi zikikimbilia pembeni, fimbo itapinda upande baada ya miezi michache au itavunjika. Kifundo kimoja kinatosha kipande kizima kutupwa kando. Wapo mafundi wanaotumia kifaa cha kupima kasi ya sauti ndani ya mbao, kilichobuniwa na Giovanni Lucchi, fundi wa pinde wa Cremona, Italia. Sauti ikipita kwa kasi, mbao ni ngumu kwa uzito wake. Wengine hupiga kipande kwa kidole na kusikiliza, kama mama sokoni anavyogonga nazi.

Kutokana na uchaguzi huo mkali, sehemu kubwa ya gogo haiwi upinde. Inaishia kuwa kuni, vumbi na vipande vya kazi nyingine.

Kukausha, kuchonga, kupinda

Kipande kilichochaguliwa hakichongwi siku hiyo. Huwekwa mahali penye kivuli na hewa, kikakauka polepole kwa miaka. Wapo mafundi wanaochonga mbao zilizowekwa na baba zao. Mbao iliyochongwa ikiwa mbichi huendelea kusinyaa na kujikunja baada ya kuuzwa, na mteja huirudisha.

Baada ya kukauka, fimbo huchongwa kwa randa ndogo. Karibu na mkono huachwa na unene wa milimita 8 na nusu hivi, kisha hupungua taratibu hadi milimita 5 na kidogo karibu na ncha. Hapa ndipo mkono wa fundi hupimwa. Ukipunguza kipenyo cha fimbo kwa asilimia 10 tu, ugumu wake hupungua kwa theluthi moja. Randa ikipita mara mbili zaidi ya inavyotakiwa, upinde unakuwa laini na hauna dawa.

Kisha huja moto. Watu wengi hudhani mbinuko wa upinde huchongwa. La hasha, hupindwa kwa joto kavu. Fundi huipitisha fimbo juu ya makaa au taa ya spiriti, sehemu moja baada ya nyingine, akiizungusha bila kukoma mpaka joto lifike kwenye kiini, halafu huipinda polepole na kuishikilia mpaka ipoe. Joto likiishia juu tu, mbinuko utapotea baada ya muda. Likizidi, mbao inaungua na kuwa kama mkaa, na itakatika siku itakapovutwa. Mbinuko huo huingia ndani, kuelekea kwenye singa, kinyume cha upinde wa mshale.

Ncha ya upinde ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, kwa kuwa pale nyuzi za mbao zimekatwa fupi. Hivyo hubandikwa kipande chembamba cha kuizuia isipasuke. Zamani kilikuwa cha pembe ya ndovu. Tangu biashara ya kimataifa ya pembe hizo ipigwe marufuku mwaka 1989, mafundi wengi hutumia mfupa, madini ya fedha au plastiki.

Singa na mpingo

Upinde mmoja hubeba singa kati ya 150 na 200 za mkia wa farasi. Nyingi hutoka nchi za baridi kama Mongolia, Siberia na kaskazini ya China, na mafundi wengi hupendelea za farasi dume kwa sababu mkia wa jike huloweshwa na mkojo. Mchambuaji huzipitia moja moja na kutoa zilizokatika, zilizojikunja na zilizo nyembamba mno. Singa zilizofanywa nyeupe kwa dawa huvutia macho lakini huwa dhaifu. Hapa napo anayechambua vizuri hupata bei, na anayechanganya hupoteza mteja.

Singa hushikwa kwa vikabari vya mbao vilivyochongwa vikaingia sawasawa katika tundu, kimoja kwenye ncha na kingine kwenye kishikio cha nyuma. Kishikio hicho huvutwa kwa skrubu ili kukaza au kulegeza singa, na kwa kawaida huchongwa kwa mti mweusi. Wengi hutumia jamii ya mti uitwao ebony, lakini wapo wanaotumia mpingo, mti wetu wenyewe ambao dunia inaufahamu zaidi kwa zumari za clarinet na oboe.

Mpingo una habari njema ya kujifunza. Wilayani Kilwa, mkoani Lindi, misitu ya asili inayosimamiwa na vijiji ilipata cheti cha uvunaji endelevu cha FSC mwaka 2009 kwa msaada wa Mradi wa Kuhifadhi Mpingo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa msitu wa asili wa jamii barani Afrika kupata cheti hicho. Kijiji chenye msitu wake, mipaka yake na kumbukumbu zake kikapata nafasi ya kuuza kwa jina lake, badala ya kungoja mfanyabiashara apite na bei aliyoipanga mwenyewe.

Utomvu wa msonobari

Funga singa safi kwenye upinde mzuri, usugue fidla: hutasikia kitu cha maana. Singa huteleza. Kinachoifanya fidla ilie ni rosini, yaani utomvu wa msonobari uliochemshwa ukaondolewa mafuta ya tapentaini, ukapoa na kuwa kipande kigumu chenye rangi ya asali. Mpiga fidla hukisugua kwenye singa na kuacha unga mwembamba. Unga huo hushika uzi, uzi unavutwa, msuguano unaleta joto, utomvu unalainika, uzi unaachia na kunaswa tena. Hilo hutokea mamia ya mara kwa sekunde na ndiyo sauti tunayoisikia.

Ubora wa rosini hutegemea usafi. Utomvu uliovunwa ukiwa na maganda, mchanga na maji hutoa rosini nyeusi, yenye kuvunjika ovyo. Uliochujwa vizuri hutoa rosini angavu.

Hapa Songwe inaingia moja kwa moja, kwa kuwa misonobari tunayo. Wilaya ya Ileje ina Shamba la Miti Iyondo Mswima, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na wapo wakulima wa Ileje na Mbozi wenye mashamba yao ya misonobari. Katika miaka ya karibuni uvunaji wa utomvu umeanza katika Shamba la Miti Sao Hill, Mufindi, mkoani Iringa. Ni zao ambalo mti hulitoa ungali umesimama.

Hata hivyo, mkulima asidanganyike. Fidla za dunia nzima hutumia kiasi kidogo sana cha rosini. Sehemu kubwa huingia katika gundi, wino, rangi, karatasi na sabuni, na wazalishaji wakubwa kama China na Brazil wana uwezo wa kuzishusha bei. Kwa hiyo, kabla ya kukwangua gome la mti wako, uliza maswali manne. Mnunuzi ni nani, na bei ya kilo imeandikwa wapi? Msonobari wako ni wa aina gani, maana aina hazitoi utomvu sawa; elliottii na caribaea zina jina kubwa katika biashara hii kuliko aina nyingi. Mti una umri gani, kwani mti mdogo ukijeruhiwa hudumaa? Na mvunaji atakwangua upana gani wa gome? Kidonda kikiuzunguka mti, umeuua. Na sehemu ya chini ya gogo, ambayo ndiyo yenye mbao bora, ikiharibiwa, fedha ya utomvu haitafidia hasara ya mbao.

Yaliyoipata pernambuco

Upinde mzuri umewatajirisha mafundi, lakini mti wake haukunufaika. Misitu ya pwani ya Brazil ilikatwa kwanza kwa rangi, kisha kwa mashamba na miji, na pernambuco ikawa adimu. Mwaka 2000 mafundi wa pinde walianzisha mpango wa kimataifa wa kuuhifadhi na kuupanda mti huo, kazi inayohitaji miongo kadhaa kabla ya kuona fimbo moja. Mwaka 2007 uliwekwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, masharti yaliongezwa. Kuanzia mwaka 2018 mamlaka za Brazil ziliendesha operesheni na kukamata maelfu ya fimbo za pinde zisizo na uthibitisho wa zilikotoka. Mafundi wengine wamehamia kwenye miti mingine, na viwanda hutengeneza pinde za nyuzi za kaboni, ambazo hazihitaji mti.

Mfanyabiashara wa Tunduma anaifahamu habari inayofanana na hiyo, maana ameiona mpakani. Ni habari ya mkurungu, mti mwekundu ambao wenzetu wa Nakonde na Zambia yote huuita mukula. Katika miaka ya 2010 soko la samani la China liliuhitaji mno, magogo yakawa yanakimbizwa kwa malori, na Zambia ikapiga marufuku usafirishaji wake zaidi ya mara moja. Mwaka 2019 mkurungu nao uliingizwa katika orodha ya pili ya CITES, na mwaka 2022 jamii yote ya Afrika ya mti huo, mninga ukiwamo, ikafuata. Maana yake ni kwamba magogo na mbao za mninga zinazovuka mipaka ya nchi sasa zinahitaji kibali cha CITES, mbali na leseni ya uvunaji na hati ya usafirishaji ya TFS. Mzigo usio na karatasi hauna bei, hata mbao ziwe nzuri namna gani. Mwenye shaka afike ofisi ya TFS kabla ya kupakia, si baada ya kukamatwa.

Mkulima afanye nini

Hakuna anayemshauri mkulima wa Itumba au Mlowo aanze kutengeneza pinde za fidla. Lakini mambo ambayo fundi wa Paris anayakataa katika kipande cha pernambuco ndiyo hayo hayo yanayoshusha bei ya ubao wa msonobari Tunduma: kifundo, nyuzi zilizopinda, na ubichi. Yote matatu yana dawa.

Kifundo kinatengenezwa shambani. Ni tawi ambalo halikukatwa mti ukiwa mdogo, mti ukanenepa na kulimeza. Anayepogolea matawi ya chini mapema, kwa msumeno wenye makali na karibu na shina bila kuchubua gome, anapata ubao safi miaka mingi baadaye. Anayepogolea mti umekwisha kunenepa amechelewa, kifundo kimeshaingia ndani.

Nyuzi zilizopinda hutokana na mti uliopinda. Wakati wa kupunguza miti, toa iliyojikunja na yenye vichwa viwili, acha iliyonyooka. Wengi hufanya kinyume, huuza iliyonyooka kwanza kwa sababu inanunulika haraka, wakabaki na shamba la miti mibovu. Aidha, kuvuna mapema kwa sababu ya ada ya shule au msiba kunaeleweka, lakini uza baadhi ya miti, usiuze shamba lote likiwa changa.

Ubichi ni kazi ya mwenye mbao. Zipange juu ya magogo zisiguse ardhi, weka vijiti vya unene mmoja kati ya tabaka na tabaka, vikae kwenye mstari mmoja kutoka chini hadi juu, na uzifunike juu ili jua na mvua visizipige huku hewa ikipita pembeni. Paka rangi kwenye ncha ili zisipasuke. Kwa mbao ngumu, kanuni ya zamani ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Msonobari hukauka kwa muda mfupi zaidi. Kisha zichambue. Zisizo na kifundo ziuze peke yake na kwa bei yake, badala ya kuzichanganya na mbovu ili mbovu zipite.

Kwa anayenunua upinde

Makanisa, shule na vikundi vya muziki hununua fidla, na wapo wafanyabiashara wadogo wanaoagiza vyombo kutoka Dar es Salaam au nje. Kabla ya kulipa, lenga upinde kwa jicho moja kutoka kwenye kishikio hadi ncha, kama fundi anavyolenga ubao. Fimbo iwe imenyooka pande zote, isipokuwa ule mbinuko wa kuingia ndani. Kaza skrubu: singa zisogee kwa usawa na fimbo isiende pembeni. Chunguza ncha kama ina ufa uliofichwa kwa vanishi. Mwambie mnunuzi alegeze singa kila amalizapo kupiga, asizishike kwa vidole vyenye jasho, na asiache boksi limefungwa miezi mingi, kwa sababu wapo wadudu wanaokula singa gizani. Katika unyevu singa hurefuka na katika ukame hukaza, hivyo upinde uliokazwa ukaachwa hivyo wakati wa kiangazi unaweza kukatika.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mbao, chema hakipatikani siku ya soko. Kinaanza siku mkulima anapoingia shambani na msumeno, mti ukiwa bado mdogo, akakata tawi ambalo lingekuwa kifundo.